Boliti Mbili na Kuku Mia Nane

Mara ya kwanza sailensa ya shemeji yangu ilipodondoka kutoka angani, ilitoboa bati la banda la kuku na kumkosa jogoo kwa upana wa kidole. Mara ya pili haikumkosa.

Mwenye kuku alikuja uwanjani taratibu, na mwanamke mwenye hasira akija taratibu ujue maneno amekwisha kuyapanga njiani. Mtaa mzima unamwita Mama Mayai. Mkono wa kushoto alimning'iniza jogoo kichwa chini. Mkono wa kulia alishika sailensa kwa pindo la nguo yake, maana ilikuwa bado ya moto.

"Huyu wa nani?" akauliza, akimwinua jogoo.

"Wako, mama," akajibu Katibu wa klabu ya kurusha vindege, mshona sare ambaye hawezi kuona swali likapita bila kulijibu.

"Na hiki je?"

Wanachama wanane wakamgeukia wa tisa. Mimi pia nilimgeukia, na mimi si hata mwanachama. Kazi yangu ni kumbebea sanduku la spana.

Wa tisa ndiye shemeji yangu, mume wa dada yangu. Wanamwita Bomba, kwa sababu alikuwa fundi bomba miaka thelathini na moja mpaka mgongo ukamwambia basi.

"Changu, mama," akasema. "Pole sana. Niliikaza."

"Uliikaza."

"Niliikaza mpaka ikalia."

"Na sasa nani analia?"

Kwa asiyevijua vindege hivi: si vya kuchezea mtoto. Mabawa ya kile cha Bomba yalikuwa marefu kuliko mlango, na pale puani kilikuwa na injini ya kweli inayokunywa mafuta ya kweli, kubwa kama ngumi, inayozunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Mtu anasimama chini na rimoti, kindege kinazunguka juu. Ubavuni mwa injini kumefungwa sailensa, kikopo cha alumini chenye umbo la tango changa, na kinachoishikilia pale ni boliti mbili tu, nyembamba kuliko penseli. Injini inatikisika kama mtu mwenye homa. Boliti zinasikiliza ule mtikisiko, zinaona heri ziondoke.

Sailensa ikiwepo, sauti ni ya nyuki. Mama Mayai alituachia lile shamba lake lililo nyuma ya mabanda kwa sababu hiyo: mwewe wakisikia nyuki mkubwa namna ile hawasogelei vifaranga. Lakini sailensa ikidondoka, injini inapiga yowe kama nguruwe aliyebanwa na mlango, na kuku mia nane wanakimbilia kona moja. Wanapandiana. Wa chini wanakosa pumzi, na waliosalia wanataga mayai yasiyo na ganda kwa siku tatu.

"Nisikilizeni," akasema Mama Mayai, na jogoo akawa anapepea kila aliponyoosha mkono. "Jumamosi ijayo nakuja na kiti changu. Huyu hapa ataruka dakika kumi, mbele yangu. Hiki kikopo kikikaa, nanyi mtakaa. Kikidondoka, au nikisikia lile yowe, Jumatatu trekta linaingia hapa na ninapanda mahindi."

Katibu akakohoa. "Mama, kwa heshima, si lazima aruke yeye. Wengine wetu sailensa zetu hukaa. Yeye anaweza kujiuzulu kwa hiari, tukaandika barua nzuri..."

"Nikimfukuza yeye, mwezi ujao itadondoka ya mwingine, mtaniambia bahati mbaya. Huyu ndiye mbovu wenu. Huyu akiweza, nitaamini wote mnaweza." Akamtupia Bomba sailensa. Bomba akaidaka kwa mikono mitupu, akaiachia haraka, akaidaka tena.

Jogoo aliondoka naye.

Nyumbani, Bomba alipita chumba cha mbele bila kusalimia. Ndani ya chumba kile dada yangu hutengeneza meno ya bandia, na ukiingia unapokewa na taya thelathini za plasta zikikuchekea kutoka rafuni. Siku ile hata zile taya zilionekana kutucheka kwa nia.

Dada hakumfuata. Alinikamata mimi.

"Kaka, amefanya nini?"

Nikamweleza. Wakati huo nilikuwa nimekaa kwao miezi minane, nikiwa nimekuja kwa wiki mbili, na nilishajua sauti zake zote. Hii ilikuwa ile ya chini.

"Wewe hukuwepo," akasema. "Wewe hupo popote. Mgongo ulipomshinda, alikaa kwenye kile kiti miaka miwili. Alihesabu misumari ya dari. Siku moja akaniambia iko mia mbili na kumi na nne, halafu akasema kesho atahesabu tena, huenda amekosea. Kile kidude ndicho kilichomtoa kitini. Akinyang'anywa uwanja kwa ajili ya boliti mbili, wenzake wakamnunia mtaa mzima, atarudi kuhesabu. Na akirudi kwenye kiti, wewe utarudi ulikotoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

"Basi kamsaidie. Lakini usimsaidie sana."

Neno la mwisho nililisikia vizuri. Kulishika ndiyo kazi nyingine.

Jumatatu nilimletea gundi ya boliti. Niliwahi kufanya kazi gereji ya mabasi, miezi minne, mpaka tulipoachana kwa kutoelewana juu ya basi moja, na pale gundi ile iliheshimiwa kuliko meneja. Unatia tone moja, unakaza, unasubiri usiku, na kesho yake hata shetani hafungui. Bomba aliinusa, akasema sawa, ila naye lazima aweke gasketi yake. Alikuwa akikata gasketi kutoka kwenye jalada gumu la daftari, akizipaka ile lami ya maungio ya mabomba, kisha anazibana katikati ya sailensa na injini. Penye maungio, weka kizibo. Hiyo ndiyo dini yake, na mimi si mtu wa kuingilia dini za watu.

Jumanne tuliifunga injini kwenye ubao uani, ubao tukaubana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma, tukaiwasha. Dakika ya kwanza safi. Dakika ya nne harufu ya gundi ikaanza kupanda. Dakika ya sita boliti ya kulia ilikuwa inazunguka yenyewe, polepole, kama mtu anayetoka mkutanoni bila kutaka kuonekana.

Bomba akazima. Dada akatoka na miwani yake ya kukuzia, ile ya kazini inayomfanya aonekane kama panzi, akaiokota chupa ya gundi na kuisoma.

"Hapa wameandika: kufungua, pasha moto mahali palipoungwa. Kaka, ulisoma haya?"

"Nilisoma jina."

"Umemletea mwenzio gundi inayoachia kwa moto, aitie kwenye kitu kinachotema moto."

"Kule gereji haikuwahi kuachia."

"Ndiyo maana wakakufukuza."

"Tuliachana."

Bomba hakucheka. Alikuwa ameishika sailensa mkononi kama mtu aliyeshika barua ya hospitali.

Mchana wake Katibu akaja na nati zenye pete ya plastiki ndani, akasema katiba ya klabu inazipendekeza, kifungu cha nne. Plastiki ikayeyuka, ikanuka kama sufuria iliyosahauliwa. Tukajaribu washa za springi, zile pete za chuma zinazoisukuma boliti isilegee. Moto ukazilaza bapa, springi ikafa. Katibu akaondoka akisema atakipitia upya kifungu cha nne. Mlangoni akageuka, akamwambia Bomba kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Ile barua bado naweza kuiandika, bwana."

Bomba alikwenda kukaa. Kwenye kile kiti. Niliona macho yake yakipanda darini, nikamwita dada.

Dada alinawa plasta mikononi, akaleta taa yake ya mezani, akaketi na ile injini kana kwamba imekuja na jino bovu. Aliigeuza, akaipapasa, akatoa gasketi iliyoungua na kuiinua kwa kibano. Ilikuwa nyeusi, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mume wangu, njoo uone. Hii uliiweka ikiwa nene kiasi gani?"

"Nene. Jalada zima la daftari."

"Sasa imebaki hivi. Ulikaza boliti juu ya karatasi. Karatasi imeungua, imesinyaa. Boliti zinabana nini?"

Bomba akaigusa kwa ukucha, ikavunjika.

"Zinabana hewa," dada akasema. "Mtikisiko unazikuta zimekaa bure, unazizungusha tu. Wewe unalaumu mtikisiko, kumbe umeupa nafasi mwenyewe. Toa hii takataka. Chuma kwa chuma."

"Bila kizibo?" Bomba alisimama. Sijamwona akisimama haraka vile tangu nifike. "Mke wangu, miaka thelathini na moja sijaunganisha kitu na kitu bila kizibo. Itavuja!"

"Ivuje nini? Moshi? Mvujo wa maji si mvujo wa moshi. Nani atakuja kukulalamikia kwamba jikoni kwake kuna moshi kijiko kimoja?"

"Itavuja," akarudia, lakini alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake mezani.

Jumatano nzima walisugua. Dada alitandika msasa laini juu ya kipande cha kioo, wakawa wanasugua uso wa sailensa juu yake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukalala bapa na kung'aa. Kisha uso wa injini hivyo hivyo. Wakaosha boliti na matundu yake kwa spiriti, maana mafuta yalikuwa yamejaa mle na boliti yenye mafuta haina msimamo. Mimi nilipewa kazi ya kushika taa. Nilishika vizuri.

Alhamisi wakaiwasha tena, chuma kwa chuma. Bomba alisogeza sikio akitafuta uvujaji, akapata kidogo sana, akaudhika kidogo sana. Baada ya dakika tano dada akamwambia azime na akaze hapo hapo, ikiwa bado ya moto.

"Kitu cha moto hakikazwi," Bomba akasema. "Unangoja kipoe."

"Ukingoja kipoe ndipo kinakudanganya. Alumini ikipata moto inavimba kuliko chuma cha boliti. Inajibana, inajipanga upya, ikipoa inabaki imelegea. Kaza sasa, ikiwa imejipanga."

Bomba akavaa glovu ya ngozi, akachukua kile kifunguo kilichopindwa kama herufi L, akakaza. Boliti aliyoikaza asubuhi mpaka ikalia ikakubali robo mzunguko mzima. Bomba alimtazama mkewe kama mtu aliyegundua, baada ya miaka yote ile ya ndoa, kwamba mwenzake anajua kuogelea.

"Ulijua tangu lini?"

"Uliniuliza lini?"

Waliiwasha mara tatu siku ile. Mara ya pili boliti ilikubali unywele mmoja. Mara ya tatu ilikataa kabisa.

Kazi ingeishia pale tungekuwa watu wa kuridhika. Lakini dada ni mtu wa meno, na mtu wa meno haamini kitu kimoja kikishikiliwa na kitu kimoja. Ijumaa akaleta waya, ule mwembamba usioshika kutu unaotumika kuvuta meno yaliyopinda. Alisema atatoboa vichwa vya boliti, apitishe waya kutoka kichwa kimoja hadi kingine, ausokote, kwa namna kwamba boliti moja ikitaka kulegea iwe inamkaza mwenzake. "Kama ndoa," akasema Bomba, na huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza wiki nzima.

Alitoboa ya kwanza kwa ile drili yake nyembamba ya kazini, akiishika kama kalamu. Tundu likatoka katikati ya kichwa, safi, utadhani boliti imezaliwa nalo. Halafu mteja akabisha hodi, mzee aliyekuja kujaribu taya ya juu.

"Usiguse," dada akaniambia.

Bomba alikuwa amelala kupumzisha mgongo. Mimi nilikaa na boliti ya pili na drili, na kule chumba cha mbele nilimsikia mzee anajaribu kusema "sitini na sita", maneno ambayo dada hupimia meno mapya, bila mafanikio. Muda ukapita. Nikafikiri, mtu aliyewahi kufunga breki za basi zima atashindwa na kitobo?

Nikagusa.

Drili iliteleza. Nilipoishika tena ilikuwa imekwisha kuanza njia yake mwenyewe, ikaingia chini, pale kichwa kinapokutana na shingo, na chuma kilichobaki upande mmoja kilikuwa chembamba kama ukucha. Tundu lilikuwepo, hilo halina ubishi. Lilikuwa tundu la mtu mwingine.

Dada aliporudi alikuwa na plasta mpaka kwenye viwiko. Akainama kutazama.

"Nilikwambia usiguse. Mbona limekaa chini?"

"Kidogo tu."

"Boliti nyingine hatuna?"

Zilikuwemo nne sandukuni, mimi ndiye mbeba sanduku. Lakini kusema zipo kulikuwa ni kusema nimeharibu, na nimeishi muda mrefu kwa kutosema nimeharibu. Huwa ninaondoka tu.

"Hatuna," nikasema.

Akapitisha waya, akausokota kwa koleo, ukakaa vizuri. Ukiutazama kwa mbali ulipendeza.

Jumamosi Mama Mayai alikuja na kiti cha plastiki, akakiweka mpakani mwa shamba na mabanda, akaketi na saa ya mezani mapajani. Katibu alileta filimbi, hakuna aliyejua ya nini. Wanachama wote walisimama nyuma ya Bomba, si karibu sana, kama watu kwenye msiba wa jirani wasiyempenda. Dada naye alifunga chumba cha mbele akaja.

Bomba aliwasha, akapasha injini, akazima, akakaza ikiwa ya moto, akaangalia waya, akawasha tena. Kindege kikakimbia kwenye nyasi, kikapaa.

Sauti ilikuwa ya nyuki mnene aliyeshiba. Dakika ya kwanza, ya pili. Kuku wakiparura. Dakika ya nne Katibu akaanza kutabasamu na kumwambia mwenzake kwamba siku zote alimwamini Bomba. Dakika ya tano Mama Mayai aliacha kutazama saa akawa anatazama juu, na juu kule mwewe aliyekuwa akizunguka akaona heri aende kwa wengine.

Dakika ya sita shingo ya Bomba ikakakamaa.

"Inavuja," akasema.

"Wapi? Mimi sisikii kitu," nikasema.

"Inavuja. Upande wa kushoto."

Hakuna mwingine aliyesikia. Lakini huyu alikuwa ametumia maisha yake akiegemeza sikio kwenye kuta za watu, akisikiliza tone nyuma ya saruji. Upande wa kushoto ulikuwa wangu.

"Zimebaki dakika nne," Katibu akanong'ona. "Vumilia, itakaa. Vumilia tu."

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi, na kila mtu aliuona. Akivumilia, huenda boliti moja ingebeba sailensa dakika nne, na tungekwenda nyumbani tukiimba. Huenda isingebeba, na yowe lingewashukia kuku na kikopo cha moto juu yake. Akizima injini angani, hakuna yowe. Lakini kindege kilikuwa mbali, ng'ambo ya mabanda, chini, upepo ukikisukuma nyuma. Bila injini kisingeweza kurudi kwenye nyasi. Na kukishusha bila injini Bomba hakuwahi kuweza hata siku ya utulivu. Kilimchukua miezi kumi na minne kukijenga, ubavu kwa ubavu, akiwa amelala chali nusu ya muda kwa sababu ya mgongo.

Alitazama mabanda. Akavuta kidole kwenye rimoti.

Injini ikanyamaza.

Kimya kile sijawahi kukisikia uwanjani. Kindege kilielea kama karatasi, kikaanza kuzama. Mbele yake kulikuwa na paa la banda. Bomba akakiinamisha ubavu, kikapita pembeni ya paa bila kuligusa, na hapo hapakuwa na mahali tena isipokuwa lundo la mbolea ya kuku, refu kunishinda mimi, lililokuwa likingoja lori. Kikaingia humo kwa pua. Sauti ilikuwa ya mtu mnene anayeketi kwenye kochi.

Tukakimbia. Bomba, mwenye mgongo, alitutangulia wote. Alipanda lile lundo kwa magoti akafukua kwa mikono miwili, akivuta vipande vya bawa na kuvitupa nyuma yake bila kuvitazama, mpaka akaipata injini. Akaifuta kwa shati.

Sailensa ilikuwepo. Boliti ya kulia imekaza, haijasogea. Ya kushoto ilikuwa imekatika shingoni, kichwa chake kikining'inia kwenye waya, na sailensa imefunguka upande huo ufa wa unene wa kadi.

Mama Mayai alifika na kiti chake mkononi.

"Dakika sita!" Katibu akasema, jasho likimtoka. "Mama, ni kweli haikutimia kumi, ila kwa roho ya makubaliano..."

"Wewe nyamaza. Wewe," akamgeukia Bomba, "kwa nini ulizima?"

"Ilianza kulegea."

"Mbona mimi sikusikia?"

"Ungesikia baada ya muda."

"Na ulijua kitavunjika?"

Bomba alitazama vipande. "Nilijua."

"Boliti imekatika kwa nini?"

Bomba alisogeza kile kichwa karibu na jicho, akaliona tundu. Niliona anavyolielewa. Akamtazama mkewe mara moja, haraka, kwa huruma, akageuka.

"Tundu lilitobolewa chini mno. Nililitoboa mimi."

Dada alifungua mdomo. Nami, sijui nilipatwa na nini, labda ile harufu, nikamtangulia.

"Mwongo huyo. Ni mimi. Dada alinikataza nikagusa. Na sandukuni zilikuwemo boliti nyingine nne."

"Nne?" dada akauliza.

"Nne."

"Kaka, wewe ni mzigo uliokosa mchukuzi."

"Najua."

Bomba akaokota bonge la mbolea, akalipima mkononi, akanipiga nalo kifuani. Hakulitupa kwa nguvu sana. Nilihesabu hilo kuwa msamaha, na hata leo nalihesabu hivyo.

Mama Mayai alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu. Alipomaliza akakikita kiti chini, akaketi pale pale penye mbolea.

"Nilisema kikopo kikidondoka. Kimedondoka?"

"Hapana," akasema Katibu, "ila ndege..."

"Ndege sikuitaja. Nilisema nikisikia yowe. Nimesikia? Kuku wangu mia nane hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Waliopiga kelele hapa ni nyinyi." Akamwonyesha Bomba kwa kidole. "Mtu anayevunja chake ili asiguse changu, huyo abaki. Na wengine mtabaki kwa sababu yake, na mumwambie hivyo kila Jumamosi. Trekta silileti. Lakini hili lundo lirudi kama lilivyokuwa, lori linakuja saa nane."

Nilikabidhiwa koleo la kuchotea. Hakuna aliyeuliza kwa nini mimi.

Nikiwa nachota, niliwaona wale wanane wakirudi kwenye vindege vyao, wepesi, wakicheka kama watu waliotoka kwa daktari na majibu mazuri. Katibu alikuwa wa kwanza kuinamia chake, mkono tayari kwenye propela. Bomba akamjia kutoka nyuma, mbolea imemganda mpaka kwenye nyusi, kifunguo kile kilichopindwa kikiwa mkononi.

"Acha kwanza. Sailensa yako umeikaza lini?"

"Asubuhi."

"Ikiwa ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi, kama kawaida. Bomba, bwana, yangu haijawahi..."

"Na katikati umeweka nini?"

Katibu akasita. "Gasketi. Ya karatasi ngumu. Wewe mwenyewe ulinikatia."

"Nilikosea. Leta hapa."

"Sasa hivi? Unanuka, Bomba."

"Sailensa haina pua. Leta. Na nyinyi wengine pangeni mstari, hakuna kinachopaa hapa mpaka nimekishika."

Wakapanga mstari.